Barua ya "Insubordination" Ikikufikia

Barua nyingi za kufuta watu kazi nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi utakuta humo neno "insubordination". Waajiri hulipenda kwa sababu linabeba kila kitu. Aliyekataa kazi, aliyeuliza swali, aliyenuna, hata aliyechelewa kuitika akiitwa, wote hutiwa kapu moja la ukaidi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haipendi makapu ya namna hiyo. Kifungu cha 44, kinachoorodhesha makosa makubwa yanayoweza kumpotezea mtu kazi papo hapo, kinataka mambo kadhaa yawepo kwa pamoja. Pawe na amri. Amri hiyo iwe halali na ifaayo. Iwe ndani ya majukumu ya mfanyakazi. Iwe imetolewa na mwajiri au mtu aliyemweka kusimamia. Na mfanyakazi awe ameikataa au ameipuuza akijua anachofanya.

Tuyapime hayo katika soko la Mbumbuni, kule Makueni. Tuseme binti ameajiriwa kuuza katika duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka akimwambia apange rangi na misumari kwenye rafu, naye akakataa tu bila sababu, huo ni ukaidi na hana pa kujitetea. Akiambiwa aende nyumbani kwa mwenye duka akafue nguo, akakataa, si ukaidi, maana hakuajiriwa ufuaji. Akiambiwa auze bila risiti ili kodi ikwepwe, amri yenyewe ni haramu. Na je, akiwa mjamzito kisha aambiwe apakie peke yake mifuko ya saruji ya kilo 50? Kupakia mizigo huenda kukawa sehemu ya kazi yake, lakini sioni hakimu atakayesema amri hiyo inafaa.

Matusi ni kosa jingine, lina aya yake katika kifungu hichohicho. Kwa hiyo anayedai umemtukana aseme umemtukana, ataje na maneno yenyewe, asijifiche nyuma ya neno la ukaidi.

Kulalamika nako si ukaidi. Kifungu cha 46 kinamkataza mwajiri kumfuta mtu kwa kuwa amemshtaki au anakusudia kumshtaki, ila kama malalamiko hayana msingi wowote. Wakamba wanajua thamani ya ulinzi huo. Mnamo 1938, Mbumbuni ikiwa bado chini ya wilaya ya Machakos, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wauze ng'ombe wao. Walitembea hadi Nairobi kumwona gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu kwa nguvu kama mkorofi, lakini mpango wa kuwapunguzia mifugo kwa lazima ulisitishwa mwaka huohuo. Malalamiko yalikuwa ya haki. Mlalamishi ndiye aliyeadhibiwa.

Kuna jambo ambalo waajiri wengi hulisahau, nalo ndilo huwaponza mahakamani. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha asikilize utetezi wa wote wawili kabla ya kuamua. Kama binti wetu anaelewa Kikamba na Kiswahili tu, barua ya Kiingereza anayolazimika kumpelekea mwalimu wa jirani amsomee haijamweleza chochote. Hata mfanyakazi mkaidi kwelikweli ana haki ya kikao hicho. Mwajiri akikiruka, mahakama inaweza kuona kufutwa huko si kwa haki, na fidia yaweza kufika mshahara wa miezi 12.

Aliyefutwa papo hapo bado anadai mshahara wa siku alizofanya kazi. Na kama alihudumu wiki 4 au zaidi, anastahili pia cheti cha utumishi.

Basi ukipokea barua yenye neno hilo, uliza mambo matatu: amri gani, ilitolewa lini, na nani? Usitie sahihi usichokielewa. Ukishurutishwa, andika kwamba umeipokea tu, uweke tarehe. Kisha nenda kwa afisa wa leba. Una miezi 3 tangu siku ya kufutwa kuwasilisha malalamiko kwake.