Kisangani: Unyevu wa hewa watishia mimea iliyokaushwa ya Tshopo

Kilomita kama mia moja kutoka Kisangani, ukishuka mto Congo, kuna makabati yanayobeba kumbukumbu ya msitu. Ni hifadhi ya mimea ya INERA, Yangambi: vielelezo karibu 150,000 vilivyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, vingine vikiwa vya miaka ya 1930. Mjini Kisangani, kituo cha CSB cha Chuo Kikuu nacho kinatunza makusanyo ya mimea na wanyama.

Adui wa vitu hivi ni hewa yenyewe. Ikweta iko jirani, mvua hainyimi mwezi wowote, na unyevu wa hewa mara nyingi unapita asilimia 80. Karatasi, mbao au ngozi ikikaa muda kwenye unyevu wa zaidi ya asilimia 65 hadi 70, ukungu unaanza kuota. Halafu wanakuja wadudu.

Wengi husema dawa ni klimatizeri. Hesabu inasema polepole. Hewa ya nyuzi joto 30 yenye unyevu wa asilimia 70, ikigusa kabati la nyuzi 25, unyevu wake unapita asilimia 90 bila tone la maji kuongezwa. Kwa hiyo chumba kikipozwa asubuhi, umeme ukakatika mchana (na watu wa Kisangani, wanaotegemea mitambo ya mto Tshopo, hawahitaji kuelezwa), hewa ya nje inaingia na kuloanisha kila kilicho baridi. Mashine inayowaka na kuzimika inaweza kuharibu kuliko chumba kisicho nayo, kwa sababu vitu vinavimba na kusinyaa kila mara.

Ndiyo maana kazi inaanza na higrometa, kifaa kinachotosha kiganjani. Kimoja kinawekwa ndani ya kabati, kingine chumbani, mbali na mlango. Chenye kumbukumbu kinaandika kila saa, hata usiku. Baada ya wiki chache kinaonyesha, kwa mfano, kwamba kabati lililoegemea ukuta wa nje ndilo linalolowa. Kulisogeza hakuhitaji umeme. Kabati linalofungika vizuri, lenye chembe za silika za kunyonya unyevu, linavumilia hata siku za giza. Chembe zikijaa zinakaushwa kwa moto mdogo na kurudishwa.

Jambo hili linagusa nchi nzima. Mwaka 2022 Ubelgiji iliikabidhi Congo orodha ya vitu 84,000 vilivyoko Tervuren, na mwaka huohuo Mfalme Philippe akaleta kinyago cha Kakuungu Kinshasa, kwenye makumbusho yaliyofunguliwa 2019 kwa msaada wa Korea Kusini. Kila mjadala wa kurudisha vitu unaleta swali lilelile: vitatunzwaje? Daftari la vipimo vya kila siku ni jibu lenye tarakimu.

Yangambi haijaanza leo kupima: mvua na joto la nje vinaandikwa huko tangu enzi za INEAC. Higrometa pia inahitaji kukaguliwa, na kwa hilo chumvi ya jikoni inatosha. Inaloweshwa kidogo mpaka iwe kama uji mzito, inafungiwa pamoja na kifaa ndani ya chombo kisichopitisha hewa kwa siku moja. Kifaa kizuri kitasoma asilimia 75.