Kwa Nini Mganda Hauzeeki

Kuna michezo ambayo watu huipenda msimu mmoja, kisha huitupa kama ganda la muwa. Kuna na mingine ambayo mjukuu huikuta imeachwa na babu yake, naye akaipenda kana kwamba imetungwa jana. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini ngoma yetu ya mganda ni ya namna hiyo ya pili, na nitaitazama pamoja na sinema moja ya Marekani tuliyoonyeshwa muhula huu, kwa maana hiyo nayo imekataa kuzeeka.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya ubishi uliozuka mabwenini. Wako wenzetu wanaotaka siku ya mahafali ya Kidato cha Nne upigwe muziki wa spika peke yake, na mganda uachwe. Wanasema mambo mawili: kwamba ni ngoma ya wazee, tena kwamba si ya asili bali ni ya kuiga. Mimi ni mmoja wa wachezaji, kwa hiyo sina budi kujibu. Lakini nitajibu kwa hoja, si kwa hasira.

Shule yetu ni ya serikali nayo hupokea wanafunzi wa mikoa mingi. Kwa ajili yao yafaa kwanza nieleze mganda ni nini. Ni ngoma ya wanaume, nayo huchezwa na Wanyasa wa ukingo wa ziwa, na hata huku juu milimani Mbinga kwenye kahawa na ngoro za Wamatengo. Wanawake wao wana kioda. Wachezaji wa mganda hujipanga safu kwa safu kama askari. Mavazi yao ni shati jeupe, kaptura iliyopigwa pasi, soksi ndefu na viatu vilivyong'arishwa. Mbele husimama kiongozi mwenye filimbi, na wakubwa wa chama huitwa kwa vyeo, kama vile Kingi na Kapteni. Ngoma kubwa hushika mwendo, na ngoma ndogo huijibu.

Chombo kinachowashangaza wageni ni malipenga. Hayo hutengenezwa kwa vibuyu vikavu, vikubwa na vidogo. Ubavuni hutobolewa tundu dogo, nalo huzibwa kwa utando wa buibui. Mchezaji hapulizi kama mpiga tarumbeta. Yeye huimba ndani ya kibuyu, na utando ule hutetemeka, sauti ikatoka yenye mvumo kama wa nyuki mzingani. Kibuyu kikubwa hutoa sauti nzito na kidogo hutoa sauti nyembamba, hata watu kumi wakiimba pamoja utadhani ni bendi ya shaba inayopita ng'ambo ya kilima.

Neno hilo la bendi ndilo linaloonyesha mganda ulikotoka. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa miji ya pwani, kama Lamu na Mombasa, walianza kucheza ngoma iliyoitwa beni, wakiziiga bendi za kijeshi walizoziona. Walijipa vyeo, wakashona sare, wakaanzisha vyama vya kushindana. Vyama vilivyojulikana sana viliitwa Marini na Arinoti. Beni ikaenea bara, na kilichoieneza zaidi ni Vita Kuu ya kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918.

Vita hiyo haikuchelewa kufika kwetu. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen ilivuka ziwa ikaja Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lifananalo na ile sanamu kuu ya Misri. Hapo ikaishambulia meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Baadaye maelfu ya wanaume wa nchi hizi walichukuliwa, wengine kuwa askari, wengine kuwa wapagazi wa kubeba mizigo ya jeshi. Wengi hawakurudi. Waliorudi walikuwa wameufahamu mwendo wa gwaride, na kutokana na beni na gwaride hilo zikakua ngoma za pande zote mbili za ziwa: malipenga kwa Watonga wa nchi ambayo sasa ni Malawi, na mganda huku kwetu. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima juu ya beni na ngoma zilizotokana nayo, kikatoka mwaka 1975.

Hapa ndipo wapinzani wetu husema, "Je, hukukiri mwenyewe kwamba ni ya kuiga?" Ndiyo, umbo lake lilianza kwa kuiga. Lakini tutazame kitu gani kiliigwa, na kilifanywa nini. Katika gwaride la kweli mtu huinua mguu kwa kuwa ameamriwa, asipouinua, hupigwa. Katika mganda mtu yuleyule huinua mguu kwa hiari yake, tena huuchelewesha kidogo kabla ya kuushusha, na mabega yake hucheka. Hakuna bwana shamba wala bwana mkubwa wa kumhesabia hatua. Amri imegeuzwa kuwa furaha, na cheo ambacho Mwafrika hakupewa katika jeshi la wageni akajipa mwenyewe kijijini kwake, akiwa na shati safi. Mtu aliyeiga tu hawezi kufanya hivyo. Huyo amenyang'anya kitu na kukigeuza kiwe chake.

Sasa niiendee sinema. Mwalimu wetu wa Kiingereza alituonyesha ukumbini picha iitwayo Singin' in the Rain, yaani kuimba katika mvua. Ilitengenezwa Hollywood mwaka 1952, na walioiongoza ni Gene Kelly na Stanley Donen. Habari yake ni ya mwaka 1927, wakati sinema za kimya zilipoanza kupewa sauti. Mwigizaji mmoja mwanamke, mzuri wa sura na mashuhuri sana, ana sauti kama ya bawaba isiyotiwa mafuta, na hapo ndipo mashaka yanapoanza. Mwanzoni vijana wengi ukumbini walicheka nguo na nywele za watu wale. Lakini Donald O'Connor alipokimbia akaupanda ukuta kwa miguu na kupinduka hewani, ukumbi mzima ulipiga kelele. Na Gene Kelly alipoufunga mwavuli wake akacheza peke yake barabarani huku mvua ikimnyeshea, watu walinyamaza kimya. Mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza, mwenyeji wa Lituhi, akasema kwa sauti, "Huyu Mzungu anajua mganda!" Tulicheka sote, lakini neno lile limenikaa moyoni.

Ajabu ya kwanza ni hii: sinema hiyo haikuwa mpya hata siku ilipozaliwa. Nyimbo zake nyingi ziliandikwa na Arthur Freed na Nacio Herb Brown miaka mingi nyuma, na ule wimbo wa mvua ulikwisha kuonekana katika sinema nyingine ya mwaka 1929. Watunzi walichukua vitu vya kale wakavishona upya, kama fundi anayekata koti la baba ili limfae mwana. Mwaka 2006 Taasisi ya Filamu ya Marekani iliichagua kuwa ya kwanza katika orodha yake ya sinema bora za muziki za nchi hiyo. Basi ikiwa kutumia vya zamani si aibu kwa Hollywood, kwa nini kuwe aibu Mbinga?

Ajabu ya pili ni kazi iliyofichwa. Debbie Reynolds, msichana wa katika sinema ile, alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa tu, naye hakuwa mchezaji aliyefundishwa. Alifanya mazoezi hata miguu yake ikatoka damu. Gene Kelly alicheza katika mvua ile akiwa na homa kali. Mtazamaji haoni damu wala homa. Huona mchezo tu. Nasi ni vivyo hivyo. Mgeni wa mahafali huona safu zikigeuka kwa filimbi moja, husema, "Wanacheza vizuri." Haoni jioni zile za vumbi, wala haoni kijana aliyerudishwa mara thelathini kwa sababu ya kisigino kimoja. Na kwa sababu mwili wote uko wazi, toka kichwa hadi kiatu, hakuna mahali pa kujificha kwa asiyejua. Muziki wa spika waweza kutufurahisha, nami naupenda Jumamosi usiku kama wenzangu, lakini haumdai mtu kitu. Huwezi kumpongeza mtu kwa kubonyeza kitufe.

Ajabu ya tatu ndiyo iliyo kubwa. Mvua ile, kwa mtu wa kawaida, ni taabu: hulowa, huugua, hukimbilia ukumbini. Mchezaji yule akaifanya rafiki yake. Wazee wetu walipokea gwaride, ambalo lilikuwa taabu zaidi ya mvua, wakafanya vivyo hivyo. Nadhani hiyo ndiyo siri ya ngoma isiyozeeka. Kila kizazi kina mvua yake na gwaride lake, na kila kizazi hufurahi kumwona mtu aliyelemewa akiinua mguu kwa mahadhi. Kijana wa leo hajabeba mzigo wa jeshi la Mjerumani. Lakini anaujua mtihani, anaijua karo iliyochelewa, anaijua safari ya kurudi nyumbani bila ya kazi.

Nimezitaja namna zinavyofanana. Lakini ziko tofauti, nayo tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Gene Kelly alifariki mwaka 1996, Debbie Reynolds mwaka 2016 na Stanley Donen mwaka 2019. Hata hivyo bado wanacheza. Utepe wa kwanza wa sinema yao uliungua kwa moto mwaka 1978 katika ghala la kuhifadhia picha huko Marekani, lakini nakala zilikuwapo, nasi tukaitazama hapa Ruvuma kama kwamba hakuna kilichotokea. Mganda hauna ghala. Umehifadhiwa katika miguu ya watu, na miguu hufa.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpiga ngoma kubwa katika kijiji kimoja kusini ya Liuli. Wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, vijiji vilialikana, na chama chake kilitembea kwa mitumbwi kwenda kushindana. Nilipokuwa darasa la sita alinifundisha midundo mitatu: wa kuingia uwanjani, wa kugeuka, na wa kushindana. Ulikuwako wa nne, wa kuagana, ambao hupigwa jua likitua wageni wanapoteremka ufukweni. Huo alisema si wa mtoto. Ningeupata nikimaliza Kidato cha Nne. Alifariki mwaka juzi mwezi wa Mei. Wenzake wawili waliobaki wanaukumbuka mwanzo wake tu, na mmoja hukataa anavyoupiga mwingine. Hivyo kijiji kile sasa huwapokea wageni kwa ngoma, lakini huwaaga kimya.

Mwaka 1962, katika hotuba yake ya kuwa Rais, Mwalimu Nyerere aliwasikitikia wasomi waliojua kucheza ngoma za Ulaya bila kuzijua za kwao, na mwaka huohuo akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Maneno yake ni ya kweli mpaka leo, lakini wizara haiwezi kuja kutufundisha kisigino. Jambo hilo ni letu.

Katika chama chetu cha mganda cha shule tupo kumi na wanane. Kati yetu kumi na mmoja ni wa Kidato cha Nne, nasi tutaondoka mwezi wa Novemba tukimaliza mtihani. Wanaojua kutengeneza malipenga ni wawili, nao wote ni wa Kidato cha Nne. Watakaobaki ni saba, wala hakuna safu ya mganda ya watu saba. Kwa hiyo hoja iliyoko mbele yetu si kama mganda uchezwe siku ya mahafali au usichezwe. Hoja ni kama mwakani atakuwapo mtu wa kuucheza.

Tumekwisha kuanza. Mbegu za vibuyu zimepandwa nyuma ya jiko, na mwalimu wa zamu ameahidi kutupiga picha za video kwa simu yake, ili hatua zote ziwepo. Picha hizo zitasaidia, lakini hazitoshi: sinema humwonyesha mtu hatua, ila haimrudishi anapokosea. Mazoezi ni kila Jumamosi saa kumi jioni katika uwanja wa chini. Wa Kidato cha Kwanza na cha Pili waje, watokao ziwani na watokao mbali, hata yule wa Lituhi. Viatu si lazima. Yule ajaye kubisha naye na aje. Tutampa nafasi katika safu ya nyuma, abishane huku anacheza.