Kundi la Damu Haligawi Shamba

Mtoto anapofikishwa hospitali ya Rumonge akiwa ameishiwa damu kwa malaria, haongezewi damu ya mtu mwingine kabla kundi lake halijajulikana. Karatasi ya maabara ikirudi na herufi O, ilhali baba anajijua kuwa ni A na mama naye ni A, mtoto anaweza kupona na karatasi ile ikabaki kuiuguza nyumba. Baba atauliza hiyo O imetoka wapi. Mashangazi watauliza kwa sauti kubwa zaidi. Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe halimtii mama hatiani: wazazi wawili wa kundi A huzaa watoto wa kundi O bila mtu wa tatu kuhusika, na kanuni inayoeleza jambo hilo inajulikana tangu mwaka 1924. Tena, kundi la damu ni shahidi dhaifu wa ubaba hata pale linapoonekana kusema kwa uhakika, na si haki kuliachia uamuzi wa nani ni mtoto wa nani.

Kigwena uamuzi huo una uzito wa ardhi. Ni mahali pa kusini mwa Burundi penye barabara itokayo Bujumbura kupitia Rumonge kwenda Nyanza-Lac, penye msitu wa hifadhi na mashamba ya michikichi, kati ya Ziwa Tanganyika na milima inayopanda mashariki. Burundi haijatunga sheria ya mirathi ya ardhi. Kinachogawa shamba ni mila, na mila humpa mtoto wa kiume kwa kupitia baba yake. Juu ya hilo kuna historia ambayo pwani hii haijaimaliza. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulianzia Rumonge na vijiji vya kusini, ukafuatwa na mauaji yaliyoenea nchi nzima, na maelfu kwa maelfu ya watu wakavuka kwenda Tanzania, ambako wengi walikaa miongo katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliporudi, wengi walikuta michikichi yao ikivunwa na watu wengine, nao hao wengine walikuwa wamepewa au wameuziwa ardhi hiyo. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa mwaka 2006 kwa ajili ya kesi za namna hiyo. Ndugu wanaogombania kipande kilichobaki, mmoja akiwa amezaliwa Mishamo na mwingine Kigwena, wanahitaji sababu ndogo tu ya kumwambia mwenzao kwamba yeye si wa ukoo. Anayemwondolea mtoto baba amemwondolea na shamba.

Basi tuangalie herufi hizi zinavyorithiwa. Karl Landsteiner alizigundua Vienna mwaka 1901, alipoona kwamba damu za watu wawili zikichanganywa wakati mwingine hushikana mabonge mabonge na wakati mwingine hukaa salama. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni ya ABO, zilizokaa kwenye kromosomu ya tisa, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Jeni hiyo huelekeza utengenezaji wa kimeng'enya kinachobandika sukari juu ya seli nyekundu za damu. Nakala ya A hubandika sukari ya aina moja, ya B hubandika ya aina nyingine, na ile ya O, kwa kawaida, imepoteza herufi moja tu katika maandishi yake marefu, ikaharibika, haibandiki chochote. Mwenye A kutoka kwa mzazi mmoja na O kutoka kwa mwingine atapimwa na kuitwa A, kwa sababu sukari ya A ipo na maabara huiona. O yake imo humo humo mwilini, kimya, ikisubiri kupitishwa kwa mtoto.

Mkulima wa michikichi wa pwani hii ameliona jambo hilo shambani, pengine bila kuambiwa kwamba ni lile lile. Mchikichi wa dura una kokwa lenye ganda nene. Wa pisifera hauna ganda. Wa tenera, unaopendwa kwa wingi wa mawese yake, una ganda jembamba. Mwaka 1941, katika kituo cha utafiti cha Yangambi huko Kongo ya wakati huo, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba tenera ni chotara wa hao wawili na kwamba jeni moja ndiyo inayoamua unene wa ganda. Tenera aliyepata chavua ya tenera mwenzake huzaa mbegu ambazo robo yazo hurudi kuwa dura na robo nyingine hutoka pisifera. Mkulima akiona dura imeota kutoka kwenye mbegu za tenera hamtuhumu jirani kumwibia kitalu. Anajua mti unaweza kubeba usichokionyesha. Tofauti ni kwamba chotara wa mchikichi hujitambulisha kwa ganda lake jembamba, lakini mtu mwenye A na O hana alama ya nje hata moja, wala kipimo cha kawaida cha hospitali hakimtofautishi na mwenye A mbili.

Felix Bernstein, mwanahisabati wa Göttingen, ndiye aliyelifungua fumbo hilo mwaka 1924 kwa kuhesabu tu, na hesabu yake inafaa kurudiwa kwa ajili yetu. Tuchukue jamii ya Afrika Mashariki ambamo karibu nusu ya watu ni O na karibu robo ni A. Humo, takriban watu tisa kati ya kumi wa kundi A wamebeba O iliyojificha. Wakioana A kwa A, wengi wa wenzi hao wote wawili watakuwa nayo, na kila mimba yao itakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa O. Ukijumlisha ndoa zote za A kwa A, ikiwa ni pamoja na zile ambazo mmoja hana O, mtoto mmoja kati ya watano hivi atakuwa O. Hilo si jambo la ajabu la kuitiwa kikao cha ukoo. Na kila mimba huanza hesabu upya, kwa hiyo watoto watatu wa A waliotangulia hawathibitishi lolote dhidi ya wa nne. Baba wa A na mama wa B wanaweza kupata watoto wa makundi yote manne katika nyumba moja. Kwa Rh, ile alama ya chanya au hasi inayoandikwa kando ya kundi, ni vivyo hivyo: wazazi wawili wa Rh chanya huzaa mtoto wa Rh hasi ikiwa wote wawili wamebeba nakala hasi iliyofichwa.

Atatokea wa kupinga: mbona wazazi wote wawili wakiwa O hawazai A, na mwenye AB hazai O? Hapo je, damu haisemi? Husema, na mahakama za Ulaya zilianza kuisikiliza tangu miaka ya 1920. Lakini inachoweza kusema ni kukana tu. Mwanamume wa O akiambiwa mtoto wa O ni wake, kundi halijathibitisha kitu, kwa sababu nusu ya wanaume wa pwani nzima wangejibu sawa na yeye. Hata katika kukana, nguvu yake ni ndogo. Kwa mgawanyo wa makundi niliotaja, mwanamume ambaye kweli si baba atatolewa na kipimo cha ABO mara moja tu kati ya tano hivi. Mara nne zilizobaki atapita. Kwa hiyo mtu anayeitumia karatasi ya kliniki kama hukumu amejichagulia shahidi ambaye mara nyingi hana la kusema, kisha anamsikiliza siku ile tu anapozungumza dhidi ya mwanamke.

Na hata kukana kwenyewe kuna mianya. Mwaka 1952 madaktari wa Bombay walieleza watu waliopimwa kuwa O ilhali walibeba jeni ya A au B. Walikosa kitu cha chini yake, ile sukari ya H ambayo A na B hubandikwa juu yake, nayo hutengenezwa kwa jeni nyingine kabisa. Mtu wa namna hiyo huonekana O na akazaa mtoto wa A. Wapo pia wachache waliorithi A na B zikiwa zimeungana katika nakala moja, wakaweza kuwa AB na kuzaa mtoto wa O. Hao ni wachache sana, na anayejenga utetezi juu yao peke yao anajenga juu ya mchanga. Mwanya ulio mpana upo maabara kwenyewe. Kuna aina dhaifu za A. Mtu mwenye A dhaifu pamoja na B, akipimwa kwa kitendanishi kilichochakaa au kilichokaa kwenye joto baada ya umeme kukatika, anaweza kuandikwa B. Mtoto wake wa A atamkuta akiwa na kadi ya B, na mke wa O atabeba lawama ya kosa la chupa. Mtoto mchanga bado ana sukari hafifu juu ya seli zake, na kingamwili zake, ambazo kwa mtu mzima hutumika kuhakiki jibu, huanza kujengeka baada ya miezi kadhaa. Aliyeongezewa damu juzi ana seli za watu wawili ndani yake. Tena baba wengi hawajapimwa mara mbili maishani. Wanalijua kundi lao kwa kuambiwa. Lazima jibu la kukana lirudiwe, kwa damu mpya, kabla halijatamkwa sebuleni.

Pingamizi zito kuliko yote ni la gharama. Kipimo cha DNA, ambacho ndicho kinachoweza kulijibu swali la ubaba, watu husema, ni cha wenye fedha, na mwanamume maskini ana haki ya ukweli kama tajiri. Haki hiyo naikubali. Lakini kipimo rahisi kisichojibu swali hakimpi maskini ukweli. Kinampa shaka ambayo hatakuwa na uwezo wa kuiondoa. Mwaka 1985 Uingereza ilikuwa na kesi ya mvulana aliyerudi kutoka Ghana, ambaye uhamiaji ulikataa kuamini kwamba ni mtoto wa mama aliyemtaja. Makundi ya damu yalionyesha kwamba walihusiana, yakashindwa kueleza kama mwanamke yule alikuwa mama yake au mama yake mdogo. Alec Jeffreys wa Leicester, aliyekuwa amegundua alama za DNA mwaka mmoja kabla, ndiye aliyelimaliza swali, na mtoto akabaki na mama yake. Ukoo wa pwani wenye wajomba na baba wadogo wengi una swali la namna hiyo hiyo, na kundi la damu halitofautishi baba na ndugu yake. Sheria ya familia ya Burundi ya mwaka 1993 humhesabu mume kuwa baba wa mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa. Anayetaka kuvunja dhana hiyo ana mahakama ya kwenda na ushahidi wa kupeleka, na mke na mtoto nao wana nafasi ya kusikilizwa huko. Kadi ya kliniki inayopeperushwa uani haimpi yeyote nafasi hiyo.

Kuna swali moja ambalo kundi la baba hulijibu vizuri, nalo halihusu heshima ya mama bali uhai wa mtoto ajaye. Mama wa Rh hasi aliyebeba mtoto wa Rh chanya anaweza kutengeneza kingamwili wakati wa kujifungua, damu ya mtoto inapoingia kidogo kwenye mishipa yake. Mtoto huyo wa kwanza kwa kawaida husalimika. Anayefuata, akiwa chanya, hushambuliwa tumboni, akazaliwa na manjano kali na upungufu wa damu, au asizaliwe hai. Katika eneo letu wenye Rh hasi ni wachache, ndiyo maana huwa rahisi kuwasahau. Baba akiwa hasi pia, hatari hiyo kwa kawaida haipo. Akiwa chanya, sindano ya kingamwili za D, inayomzuia mama asitengeneze zake na inayotumika duniani tangu 1968, inapaswa kumfikia mama ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto wa Rh chanya. Kwa sababu hiyo wenzi wanafaa kwenda kupimwa pamoja katika kliniki ya wajawazito mapema, muuguzi akaandika kundi na Rh za wote wawili kwenye kadi moja, na sindano ikaulizwa kabla uchungu haujaanza, kwa kuwa huenda ikabidi itafutwe Bujumbura.