Ukuta Hauna Undugu

Hufika siku katika kila chama cha wapiga picha ambapo mtu mmoja, aghalabu yule aliyetoka kununua lenzi mpya, huandika kwenye kundi la WhatsApp: jamani, na sisi tufanye maonyesho. Vidole gumba vinamiminika. Kabla ya Ijumaa kamati imeshaundwa, ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wajumbe wa chakula. Kiwango cha mchango kimetajwa. Mgeni rasmi amependekezwa, na yupo anayemfahamu mtu anayefahamiana na msaidizi wake. Jambo moja halijaulizwa, na halitaulizwa mpaka maji yafike shingoni: nani atachagua picha?

Nimehudhuria maonyesho ya namna hii Dar es Salaam, ya kwenye kumbi za vituo vya utamaduni, ya hotelini na ya kwenye baraza za migahawa, na nasema bila kumung'unya maneno kwamba mengi hayakuharibiwa na picha mbaya. Yaliharibiwa na usawa. Kila mwanachama picha mbili, awe anazo, awe hana. Kinachopatikana ni daftari la mahudhurio lililotundikwa ukutani. Machweo ya Coco Beach hapa, machweo ya Coco Beach pale, ngalawa, ngalawa nyingine, tembo wa Mikumi anayetazama kamera, bibi mwenye makunyanzi, Mmasai aliye hewani. Kila picha peke yake haina ubaya. Zikikaa pamoja zinazimana.

Ugomvi huu wenzetu waliupigana zamani. Mwaka 1898 chama cha wapiga picha cha Philadelphia, Marekani, kikishirikiana na chuo cha sanaa cha Pennsylvania, kilifungua maonyesho ya picha zilizochujwa na jopo. Humo joponi waliwekwa wachoraji pamoja na wapiga picha. Mmoja wa wachoraji hao alikuwa William Merritt Chase. Maonyesho yakapata jina. Lakini wenye chama wa siku nyingi walichoka kurudishiwa picha zao katika maonyesho yaliyobeba jina la chama chao wenyewe, na ilipofika 1901 wakabadili utaratibu ili picha za kila aina zipate nafasi. Waliokuwa wameyapa maonyesho hayo heshima wakasusa. Hayakufanyika tena.

Mmoja wa waliosusa alikuwa mpiga picha Alfred Stieglitz. Kwao New York alikuwa akihariri Camera Notes, jarida la chama cha wapiga picha cha jiji hilo, na wanachama walikuwa wakinung'unika kwamba anachapisha kazi za watu wa mbali huku za wenye chama zikikaa kabatini. Mwaka 1902 klabu ya wapenda sanaa, National Arts Club, ilimwomba awaandalie maonyesho ya picha. Akakubali, ila achague yeye na asiingiliwe na mtu. Yalifunguliwa Machi mwaka huo kwa jina la Photo-Secession, kikundi ambacho wakati huo kilikuwa jina zaidi kuliko watu. Novemba 1905 wakawa na vyumba vyao vidogo kwenye namba 291 ya barabara ya Fifth Avenue, na maonyesho ya kwanza mle yalikuwa na picha 100 za wanachama. Leo wanahistoria wa upigaji picha wanavitaja vyumba vile kuliko kumbi nyingi kubwa za wakati ule.

Simtakii mtu yeyote Stieglitz kwenye chama chake. Alikuwa mgumu, alipendelea marafiki, na kuishi naye kulihitaji subira. Ninachochukua kwake ni kwamba kuchagua ni kazi, ina mwenyewe, na mwenyewe hutajwa jina. Kwa vyama vyetu, ambamo nusu ya wanachama ni marafiki na robo ni ndugu, mwenyewe huyo afaa atoke nje: mchoraji, mhariri wa picha wa gazeti, mwalimu wa sanaa, mtu ambaye hatakaa msibani wiki ijayo na yule aliyemkatalia picha zote. Kamati ikijichagulia yenyewe, mwenyekiti atapata picha nne. Hilo sijaona likikosea.

Hesabu yenyewe haina huruma. Chukua chama cha watu thelathini, kila mmoja akileta picha kumi: mia tatu. Chukua ukumbi wenye mita arobaini za ukuta unaofaa, ukishatoa milango, madirisha na kiyoyozi. Fremu yenye upana wa sentimita hamsini, na nafasi ya sentimita arobaini mpaka fremu nyingine, maana yake kila picha inakula karibu mita moja. Ukuta unakubali picha arobaini na kidogo. Wanaobana fremu zigusane ili ziingie themanini wanawafanyia wageni dhuluma. Jicho la mtu lina kiasi chake, na baada ya picha ya sitini watu huanza kuangalia simu.

Mwaka 1955 Edward Steichen, mpiga picha aliyekuwa na Stieglitz pale namba 291, alifungua katika jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, maonyesho yaliyoitwa The Family of Man. Yeye na wasaidizi wake walipitia picha zinazokadiriwa kufika milioni mbili, wakazishusha hadi elfu kumi, wakaishia na 503 za wapiga picha 273 kutoka nchi 68. Kwa hiyo mwanachama aliyerudishiwa picha saba kati ya kumi hajaonewa.

Namna ya kuchuja, kwa ninavyoona, ni moja tu iliyo ya haki. Picha zote zisafishwe ndogo, ukubwa wa postikadi, kwenye studio yoyote ya mtaani yenye mashine. Nyuma iandikwe namba, jina lisionekane. Zimwagwe kwenye meza ndefu au sakafuni, na mchaguzi azunguke akiziondoa. Kwenye skrini kila picha inajitetea yenyewe. Sakafuni zinaanza kusemezana. Picha ya mama lishe akipuliza moto Feri inakwenda kukaa kando ya fundi wa kuchomelea vyuma wa Gerezani, na ghafla maonyesho yana habari ya kusimulia. Ile ya machweo, nzuri kama ilivyo, haina wa kuzungumza naye. Inaondoka.

Baada ya hapo huja fundi wa kuchapa, na hapa ndipo chama hujua nani alikuwa anapiga picha za Instagram tu. Picha ya ukubwa wa A3 iliyochapwa vizuri inataka pikseli kama 4,961 kwa 3,508. Kamera nyingi za leo zinazo. Tatizo ni njia ya kuifikisha kwa katibu. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hukamuliwa, upande mrefu ukabaki na pikseli kama 1,600, ambazo kwa kiwango hicho cha uchapaji zinatosha sentimita kumi na tatu na nusu tu. Ukiilazimisha ijae A3, nyuso zinakuwa kama zimepakwa uji. Itumwe kama dokyumenti, au iletwe kwenye flashi.

Kisha rangi. Skrini inatoa mwanga, karatasi inaupokea, hivyo picha iliyokuwa iking'aa kwenye kompyuta hutoka studio imefifia na nzito. Mwenye busara huchapa kipande kidogo cha majaribio kwanza, hasa penye nyuso zetu. Hilo lina historia yake: kwa miongo mingi maabara zilisawazisha rangi za mashine kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi nyeusi ikatoka itakavyotoka. Mashine za siku hizi ni bora zaidi, lakini mtu anayeiendesha bado ni wa kukaa naye. Mwambie asiing'arishe sura ya bibi. Atataka kuing'arisha, kwa sababu maharusi wote humwomba hivyo.

Pwani ina adui mwingine, unyevu. Picha ikigusana moja kwa moja na kioo, baada ya masika moja inaganda nacho, na ukiibandua inabaki nusu. Ndiyo maana ya ile kadibodi nyeupe yenye dirisha inayozunguka picha ndani ya fremu. Wengi huidhani pambo, kumbe ndiyo inayokitenga kioo na picha. Kwa chama kisicho na fedha, fremu nyeusi nyembamba ya mbao kutoka kwa mafundi wa mtaani inatosha kabisa. Zile za dhahabu zenye maua waachiwe wenye picha za harusi.

Na zitundikwe chini kuliko tulivyozoea. Maofisini na sebuleni kwetu picha hukaa karibu na dari, imeinama mbele kidogo kama inasikiliza. Kwenye maonyesho, katikati ya kila picha pawe kwenye kimo kimoja, sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, ili macho ya mtu mzima yafike bila kuinua kidevu. Kamba ya uzi kutoka pembe hadi pembe, pimamaji, na mtu mmoja asiyefundishwa kuridhika haraka.

Ridhaa ni jambo ambalo vyama vingi bado vinalichukulia kama adabu tu, kumbe siku hizi ni sheria. Septemba 2023 mamlaka ya ulinzi wa data ya Kenya iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe milioni 1.85 kwa picha ya mteja wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sisemi kila mpita njia ataiburuta kamati mahakamani. Nasema mtoto anayecheka kwenye picha kubwa yenye bei chini yake ana mzazi, na mzazi huyo aulizwe kabla, kwa maandishi.

Kuhusu cha kuandika chini ya picha, ukifika Mji Mkongwe, Zanzibar, ingia Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta. Ilianzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, baadaye ikaendeshwa na mwanawe Rohit, na kuta zake zimejaa picha nyeusi na nyeupe za mji ule na watu wake. Simama uangalie wenyeji wanavyozitazama. Hawaulizi lenzi gani ilitumika. Wanabishana ni mtaa gani, mwaka gani, na yule wa kulia ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo kibandiko cha picha kiwe na mahali na mwaka, kwa Kiswahili, na vichwa vya kishairi vipungue. Soko kuu la Kariakoo, lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Picha yoyote ya ndani ya soko lile, ya wapagazi, ya ngazi, ya mwanga ulivyokuwa ukiingia kutoka kwenye mapaa yake ya zege, ilikuwa picha ya kawaida mpaka usiku ule. Mwanachama aliyenayo na akaipa jina la "Matumaini" bila tarehe amejipunja mwenyewe na kutupunja sisi sote.

Kuhusu siku ya ufunguzi sina mengi. Hotuba ziwe fupi, kwa sababu watu wote huwa wameelekea jukwaani wakizipa picha mgongo. Bei ziandikwe, na mgawo wa chama kwa kila picha itakayouzwa ukubaliwe kabla ya mteja wa kwanza hajatokea, si baada yake. Na milango ifunguliwe Jumamosi na Jumapili. Maonyesho yanayofungwa saa kumi jioni siku za kazi yanawalenga wanafunzi waliotoroka shule.

Zikishashushwa, picha nyingi huishia chini ya vitanda vya wenyewe, ambako ukungu huzimaliza. Chama kinaweza kukubaliana kwamba seti moja, pamoja na orodha ya mahali na tarehe, ipelekwe maktaba au shule iliyo karibu na palipopigwa. Na yule mama lishe, yule fundi wa vyuma, yule mzazi aliyetia sahihi: wengi wao hawatafika ukumbini, nauli na muda haviruhusu. Viongozi wa vyama, liandikeni hilo kwenye bajeti tangu kikao cha kwanza, kabla ya maji na sambusa: nakala moja ndogo, iliyosafishwa vizuri, kwa kila mtu ambaye sura yake ilitundikwa ukutani.