Umeme wa mito midogo: Nani anavuna Mufindi na Njombe?

Na Mwandishi Wetu, Igowole

MFANYABIASHARA anayeacha barabara kuu ya Tanzam pale Nyololo na kuingia Igowole hufuata viazi, mahindi, mbao au chai. Ni wachache wanaoulizia umeme kama bidhaa, ilhali katika nyanda hizi umeme nao huzalishwa, huuzwa kwa uniti, na una msimu wake wa bei kama mazao mengine.

Mfano ulio karibu ni mto Mwenga, wilayani Mufindi. Mtambo wa maji wa megawati 4 ulianza kazi hapo mwaka 2012 chini ya kampuni ya Mwenga Hydro, ambayo ni ya kundi la Rift Valley Energy, kwa mtaji wa binafsi ukisaidiwa na ruzuku ya Umoja wa Ulaya na ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Wateja wake ni wa aina tatu: viwanda vya chai, TANESCO, na vijiji vilivyokuwa mbali na nguzo za shirika hilo. Baadaye iliongezwa mitambo mitatu ya upepo, jumla megawati 2.4. Hesabu yake ni rahisi: kiangazi mto hupungua, na upepo huziba pengo.

Mwenga, hata hivyo, ni mali ya mwekezaji. Anayetaka kuona wanakijiji wakiwa wenye mali asogee Njombe na Ludewa, wilaya ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa ndani ya mkoa wa Iringa. Kampuni ya Kijiji cha Matembwe ilijengewa mtambo wake miaka ya 1980 kwa msaada wa shirika la Kiitaliano la CEFA, na haikutegemea taa pekee: ilitotolesha vifaranga na kutengeneza chakula cha kuku. Huko Mawengi, kwa Wapangwa wa Ludewa, mtambo wa kilowati 300 uliojengwa kwa msaada wa shirika la ACRA, nalo la Italia, unaendeshwa na chama cha watumiaji kiitwacho LUMAMA, jina lililotokana na Lupande, Mawengi na Madunda.

Je, biashara hii inalipa? Tuchukue mfano wa hesabu, si takwimu za mradi wowote. Mtambo wa kilowati 300 ukizunguka usiku na mchana hutoa uniti 7,200 kwa siku, yaani 216,000 kwa mwezi. Tuseme nyumba 1,000 zimevuta umeme na kila moja inatumia uniti 20 kwa mwezi. Hizo ni uniti 20,000, hazifiki hata sehemu moja ya kumi. Kwa shilingi 100 kwa uniti, mapato ni shilingi milioni 2, na humo atoke fundi, vipuri, mlinzi na ukarabati wa nguzo. Maji yaliyobaki yanapita bure.

Ndiyo maana mtambo wa kijiji hauishi kwa taa za jioni. Unaishi kwa mashine ya kusaga, ya kuranda mbao na ya kuchomelea, zinazofanya kazi mchana, au kwa kuunganishwa na gridi ya Taifa. Mwaka 2012 bei ambayo TANESCO ilinunulia umeme wa wazalishaji wadogo katika gridi ilikuwa shilingi 137.29 kwa uniti wakati wa masika na 183.05 wakati wa kiangazi, Agosti hadi Novemba. Kwa bei hiyo ya masika, uniti 100,000 zingeingiza shilingi milioni 13.7. Njia hiyo ndiyo iliyofuatwa Ikondo, Njombe, ambako mtambo mdogo wa kijiji ulipanuliwa hadi kilowati 430 na kuungwa kwenye gridi.

Lakini gridi ina mnunuzi mmoja tu. Katika miaka ya 2010 kilio cha wazalishaji wadogo kilikuwa malipo kuchelewa, na benki haipokei udhuru wa hundi iliyo njiani. Isitoshe, bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 limemtoa mnunuzi huyo kwenye njaa ya umeme. Asiye na njaa hupatana bei akiwa amekaa.

Bei ya rejareja nayo ina mkono wa Serikali. Mwaka 2020 wenye mitandao midogo vijijini waliagizwa kuuza kwa shilingi 100 kwa uniti, kama TANESCO inavyomuuzia mteja mdogo, ingawa baadhi ya mitambo ya jua ilikuwa ikitoza zaidi ya shilingi 1,000. Mlaji alishangilia. Mwenye mtambo wa jua aliyekopa alibaki na pengo, wakati mtambo wa maji uliojengwa kwa msaada uliweza kustahimili. Kwa maoni ya safu hii, agizo hilo liliwatisha wawekezaji kuliko ukame wowote.

Hisa za kampuni hizi haziuzwi katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa mwenye mtaji mdogo, mlango ulio wazi ni mashine, si mtambo: kinu cha nafaka au karakana ya mbao katika kijiji chenye umeme wa mto, badala ya jenereta linalomeza dizeli iliyopandishwa kilima kwa pikipiki.

Kabla ya kununua mota, ulizia kama laini inayofika hapo ni ya njia tatu, kwani ya njia moja haitazungusha kinu kikubwa. Ulizia pia umeme ulikatika siku ngapi mwezi Oktoba, mto unapokuwa chini. Halafu tazama juu ya kijiji, kwenye chanzo cha maji. Kama wanalima vinyungu hadi kwenye kingo, punguza bei unayokusudia kulipia kiwanja.