Scout Finch na safari ndefu ya kumwelewa jirani

Riwaya ya To Kill a Mockingbird inapoanza, Scout Finch hajatimiza miaka sita. Ni mtoto mwepesi wa ngumi, anayejua kusoma kabla ya kuanza shule, na anayeamini kwamba mambo ya nyumbani kwao ndiyo kipimo cha mambo yote. Inapomalizika, yapata miaka miwili na nusu baadaye, ana umri wa miaka minane na anaweza kusimama kwenye baraza la mtu aliyekuwa akimwogopa, akautazama mtaa wake kwa macho ya mtu huyo. Mwandishi, Harper Lee, alizaliwa 1926 katika mji wa Monroeville, jimbo la Alabama nchini Marekani. Riwaya ilitoka 1960, ikashinda Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Wengi huikumbuka kwa kesi iliyomo: Atticus, baba yake Scout, ni wakili anayemtetea Tom Robinson, mtu mweusi aliyesingiziwa kumbaka msichana wa kizungu, Mayella Ewell. Lakini kinachokiunganisha kitabu kizima, tangu michezo ya watoto hadi hukumu ya mahakama, ni kukua kwa binti huyo.

Somo la kwanza halitoki kwa baba. Siku ya kwanza ya shule, Scout anampiga Walter Cunningham, mtoto wa mkulima fukara, kisha kaka yake Jem anamwalika Walter kwao kwa chakula cha mchana. Mgeni anapoumiminia mlo wake sirapu tele, Scout anashangaa kwa sauti mezani. Calpurnia, mpishi mweusi aliyewalea watoto hao baada ya kufiwa na mama yao, anamwita jikoni na kumkaripia vikali: aliyeingia nyumbani mwao ni mgeni, na mgeni hadharauliwi, awe nani. Jioni hiyo ndipo Atticus anapomweleza kwamba hakuna amwelewaye mwenziwe mpaka ajitie katika hali yake. Waswahili wanaujua ukweli huo: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jambo la kutazama ni mahali Lee alipoyaweka maneno ya Atticus. Yanakuja mapema, katika sura ya tatu, na riwaya ina sura 31. Scout anayasikia, anayakariri, na bado anaendelea kupigana, kudhihaki na kuvizia nyumba ya jirani. Mwandishi anajua kwamba mtoto huweza kulibeba wazo kwa muda mrefu kabla halijawa lake. Kila tukio linalofuata linampa kipande kidogo tu, na mara nyingi hajui kuwa amekipata.

Mfano bora ni usiku wa jela. Kundi la wanaume limekuja kumtoa Tom ili wamuue, na Atticus amekaa mlangoni peke yake. Scout anajipenyeza katikati yao, anauona uso wa baba yake Walter, na kwa kuwa amefundishwa kuzungumza na mtu juu ya mambo yake, anamuulizia mwanawe na kumtajia shauri lake la ardhi. Mzee Cunningham anaona haya na kuwaondoa wenzake. Mtoto hakufahamu hatari iliyokuwapo. Alikuwa anataka kuwa na adabu tu. Riwaya inasimuliwa na Scout aliyekwisha kuwa mtu mzima, na hapa mbinu hiyo inazaa matunda: mtoto anaona, mtu mzima anasimulia bila kufafanua kupita kiasi, na msomaji anaelewa kabla ya mhusika.

Mahakamani ukuaji huo unaonyesha mipaka yake, na hapa ndipo uaminifu wa Lee ulipo. Scout anamwonea huruma hata Mayella, kwa kutambua kwamba msichana huyo ni mpweke kupita watu wote. Lakini mwendesha mashtaka anapomhoji Tom kwa dharau, anayelia ni rafiki yao Dill. Scout haoni kuwa pana neno. Kwake Tom ni mtu mweusi, na watu weusi huhojiwa hivyo. Mtoto mwema, binti wa mtetezi, tayari amenyweshwa desturi ya mji wake. Wahakiki waliolalamika kwamba Tom anaonekana kwa nje tu, bila kupewa maisha yake ya ndani, wana hoja nzito: huruma ya Scout inafika mbali zaidi kwa jirani mzungu kuliko kwa mtu anayekufa kwa dhuluma. Hata hivyo, ziara ya kanisa la Calpurnia ni hatua ya kweli. Scout anagundua kwamba mwanamke huyo ana maisha kamili nje ya jiko lao, na anaomba siku moja amtembelee kwake.

Jirani huyo mzungu ni Arthur Radley, ambaye watoto humwita Boo. Kwanza ni zimwi la hadithi zao. Kisha zinakuja ishara ndogo: chingamu na vinyago vya sabuni katika tundu la mti, suruali ya Jem iliyoshonwa, blanketi alilofunikwa Scout usiku wa moto. Mwishoni, Bob Ewell, baba yake Mayella, anawashambulia watoto gizani, na Boo anawaokoa. Ewell anakufa. Mkuu wa polisi anakataa kumtangaza Boo, na Scout ndiye anayemweleza baba yake kwamba kumwanika mtu mwenye haya kiasi hicho ni sawa na kumuua ndege asiye na madhara. Mwanafunzi sasa anamtafsiria mwalimu somo lake mwenyewe.

Kisha anamsindikiza Boo nyumbani, akimfanya akunje mkono ili majirani, wakichungulia, waone bwana anayemwongoza binti. Hakuna aliyemwelekeza kuilinda heshima yake namna hiyo. Kwenye baraza la Radley anageuka, anaona mtaa wote, na misimu ya miaka iliyopita inampitia jinsi Boo alivyoishuhudia dirishani: watoto wakicheza, wakigombana, wakihitaji msaada.