Miwani si Urembo: Jinsi Kioo Kinavyopindisha Mwanga



Tukitembelea vikundi vya huku kwetu, kuanzia Voi mjini hadi Sagalla, Mwatate na Kasigau, kuna jambo tumeliona likijirudia. Mama aliyesuka vyondo vya mkonge tangu ujana wake anaanza kukosea mistari ya rangi, kisha anaacha kusuka kabisa. Ukimwuliza anasema, "Uzee umefika." Katika kikundi kimoja mweka hazina alisoma 3 akaandika 8, na si mara moja. Hesabu ikakataa, watu wakaanza kunong'ona kwamba pesa zinaliwa. Kumbe hakuna hata shilingi iliyopotea. Macho yake ndiyo yalikuwa hayaoni tena maandishi ya karibu. Alipopata miwani ya kusomea hesabu ilikaa sawa, lakini maneno yalikuwa yameshamwumiza.

Kwa hivyo tumeona tueleze miwani inafanya kazi gani hasa, ili tusihukumiane bure.

Mwanga unapinda namna gani?

Tia kijiti ndani ya glasi ya maji. Utakiona kama kimevunjika pale maji yanapoanzia. Kijiti ni kizima, ila mwanga unaotoka kwake umepinda.

Fikiria mkokoteni unaotoka kwenye lami na kuingia mchangani. Ukiingia moja kwa moja, magurudumu yote mawili yanapunguza mwendo pamoja na mkokoteni hauendi kando. Lakini ukiingia kwa mshazari, gurudumu la kwanza kugusa mchanga linakawia huku lile lingine bado linakimbia juu ya lami. Mkokoteni unageuka. Mwanga nao ni hivyo hivyo. Hewani unakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na ndani ya kioo unashuka hadi karibu 200,000. Ukiingia kwa mshazari, unapinda.

Kioo cha dirisha kina pande mbili zilizo sambamba, kwa hivyo mwanga ukitoka unarudi kwenye mwelekeo wake wa kwanza. Lenzi haina pande sambamba. Lenzi mbinuko ni nene katikati na nyembamba pembeni, na inakusanya mwanga upande wa katikati mpaka ukutane mahali pamoja. Lenzi mbonyeo ni nyembamba katikati na nene pembeni, nayo inautawanya mwanga.

Jaribuni wenyewe kwenye mkutano. Wekeni karatasi ya nailoni inayoonyesha juu ya gazeti, kisha dondosheni tone moja la maji. Herufi iliyo chini ya tone itaonekana kubwa. Tone limebinuka juu, basi limekuwa lenzi. Lupu ya wachimbaji wetu wa vito, ile wanayoangalilia tsavorite, inafuata kanuni hiyo hiyo.

Lenzi tuliyozaliwa nayo

Jicho lina uso wa mbele uliobinuka, na nyuma ya mboni kuna lenzi ndogo laini. Hivi viwili vinapinda mwanga na kuchora picha kwenye ukuta wa nyuma wa jicho. Picha hiyo huwa juu chini, na ubongo ndio unaoielewa sawasawa.

Ukitazama kilima cha mbali, lenzi hiyo inatulia ikawa bapa. Ukitazama uzi na sindano, inajinenepesha ili ipinde mwanga zaidi. Lakini kuanzia miaka 40 hivi inaanza kuwa ngumu, kama ugali uliolala. Haijinenepeshi tena vizuri. Ndipo mtu anasukuma Biblia mbali mpaka mkono unaisha. Huo si ugonjwa wala laana, na karibu kila mtu utamfikia akiishi. Lenzi mbinuko ya miwani inaongeza ule mpindo uliopungua.

Kuna pia mtoto anayeona daftari vizuri lakini haoni ubao. Mara nyingi jicho lake ni refu kidogo, na picha inakamilika kabla ya kufika ukutani. Huyo anahitaji lenzi mbonyeo. Tusimwite mvivu kabla hajapimwa.

Kupima nguvu ya miwani ya kusomea

Simameni ndani ya chumba chenye kiza kidogo, mbele ya ukuta unaotazamana na dirisha. Dirisha lielekee kilima cha mbali. Shikeni lenzi karibu na ukuta, halafu irudisheni nyuma polepole mpaka kilima kionekane ukutani, kichwa chini, mistari ikiwa safi. Pimeni kutoka lenzi hadi ukuta kwa sentimita, kisha gawanyeni 100 kwa namba hiyo. Ikiwa ni sentimita 50, miwani ni namba 2. Ikiwa ni 40, ni namba 2.5. Ikiwa ni 33, ni namba 3.

Tahadhari: msitazame jua kupitia lenzi kamwe, wala msiache lenzi juani penye nyasi kavu. Inaweza kuwasha moto.

Faida yake ni kubwa

Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti wa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya karibu waliwapita wenzao kwa karibu asilimia 22 katika kazi. Kwetu, fikiria mama asiyeona maandishi ya simu. Anampa mtu mwingine asome ujumbe wa M-Pesa, saa zingine na namba ya siri juu. Miwani inamrudishia siri yake na pesa zake.

Kikundi kifanye nini?

1. Kila mwenye miaka 40 na zaidi ajaribu kusoma maandishi madogo akiwa ameyashika kwa umbali wa kawaida.
2. Anayeshindwa aende kliniki ya macho hospitalini kwanza. Mtoto wa jicho hautibiwi kwa miwani, na presha ya macho inaweza kuiba macho bila maumivu.
3. Jueni kwamba miwani ya tayari ya sokoni ina nguvu moja pande zote mbili. Haimfai mtu ambaye macho yake yanatofautiana.
4. Tengeni kitu kidogo kwenye mfuko wa kikundi kwa wasio na uwezo.

Tunamalizia na kisa cha zamani. Miwani ilianza Italia kabla ya mwaka 1300. Mtu wa kwanza kuitengeneza hakutaka kuwaonyesha wengine. Mtawa mmoja wa Pisa, Alessandro della Spina, aliyefariki mwaka 1313, aliiona, akajifunza kuitengeneza mwenyewe, akawagawia watu ujuzi huo kwa moyo wa furaha. Jina la yule aliyeficha halijulikani.

Basi ndugu, mlichosoma leo msikifungie kabatini. Kwenye mkutano ujao, kabla ya kuuliza pesa zimekwenda wapi, mwulizeni mweka hazina kama anaona vizuri.